Bondia hajapigwa, lakini amepigana na akina nani? Mnapimaje?

JaKondele (Kisumu)

Salamu wapenzi wa ngumi. Kuna ubishi umetugawanya hapa Kondele na sioni ukiisha bila mtu wa nje kutusaidia. Pale kwa kinyozi tunapokutana jioni runinga haizimwi, na pambano likiisha ndipo letu linaanza: huyu bondia ni mkali kweli, au ametafutiwa watu laini, akapewa sifa, nasi tukaamini?

Binamu yangu ana njia yake. Anafungua rekodi ya bondia kwenye simu, anaandika wapinzani wake wote, anajumlisha mara walizoshinda na mara walizopigwa, halafu anatoa hukumu. Kwa hesabu hiyo Deontay Wilder hana lolote, maana alipofika kupigania mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBC (moja ya mashirika yanayotoa ubingwa, kama WBO na WBA) na Bermane Stiverne Januari 2015 alikuwa ameshinda mapambano 32, yote kwa nokauti, na kati ya hao 32 wengi ni majina ambayo hata sisi tunaokesha na ngumi hatuyajui. Kuhusu Gennady Golovkin, binamu anasema alitetea ubingwa mara 20 lakini ukimtoa Daniel Jacobs na Canelo Álvarez hubaki na mtu. Joe Calzaghe alijificha kwao Uingereza. Terence Crawford alikuwa akipigana na watu wa pembeni. Na Hassan Mwakinyo wa Tanzania, binamu hataki hata kumsikia.

Mimi nasikia kuna kitu hakiko sawa kwenye njia hiyo lakini nikibanwa nakosa maneno. Nilimtajia Floyd Mayweather. Ana 50 kwa sifuri, yaani ameshinda 50 na hajapigwa, na pambano la 50, Agosti 2017, lilikuwa na Conor McGregor, mtu ambaye hakuwa amepigana ngumi za kulipwa hata mara moja. Akasema unaona, hata Floyd! Nikamwambia huyo huyo Floyd alimpiga Canelo 2013 na Pacquiao 2015. Akasema Pacquiao alikuwa ameshapita wakati wake. Hapo nikanyamaza.

Kwa hiyo naomba wenye ujuzi. Rekodi za wapinzani zinatosha kumhukumu bondia? Na ni wakati gani mtu ana haki ya kusema huyu sifa zake zimezidi ngumi zake?

Mwana_Mumias

Binamu yako yuko sawa, msimchoshe. Bondia ni wale aliowapiga, basi. Muhammad Ali hatumpendi kwa maneno yake peke yake: alimpiga Liston, akampiga Patterson, akampiga Frazier, Norton, Foreman. Ukisoma hayo majina huhitaji mtu akueleze.

Halafu mtazame Sven Ottke wa Ujerumani. Alistaafu 2004 akiwa 34 kwa sifuri, bingwa wa dunia. Niambie ni nani hapa Mumias, au hata huko Kondele, anayemtaja. Alikaa kwao, akapigania kwao, akashindia kwao. Namba safi, na hakuna anayeikumbuka. Mimi huhesabu mabingwa aliowapiga mtu wakiwa bado mabingwa, hesabu inaisha hapo.

ShotoNax (Nakuru)

JaKondele, habari za Kisumu. Swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu mimi ni mmoja wa wale watu ambao binamu yako huwajumlisha. Nilipigana ngumi za kulipwa nikitokea hapa Nakuru, uzani wa welta (hadi kilo 66 na ushee), mkono wa kushoto, na rekodi yangu ina kushindwa kwingi kuliko kushinda. Kwa njia yake, kila aliyenipiga alimpiga mtu bure. Acha nikueleze jinsi pambano la namna hiyo linavyopatikana, kisha mtaamua wenyewe.

Simu inaingia katikati ya wiki. Kuna kijana wa mji mwingine ana pambano Jumamosi, mpinzani wake ameumia, je, unaweza? Unauliza uzani, unaambiwa ni wako. Ukifika mizanini unakuta mwenzako ni mzito kuliko ulivyoambiwa, na nauli umeshaila. Unauliza raundi ngapi: sita. Unauliza pesa, na ni pesa ya kulipa karo ya mtoto, basi unakubali. Mwili uko sawa kwa sababu mazoezi hukuacha, ila mazoezi ya kujiweka sawa na mazoezi ya kumwandalia mtu fulani ni vitu viwili. Hujui anapenda kuja mbele au kurudi nyuma. Hujui ngumi yake ya hatari inatokea wapi. Unasafiri usiku, unalala kidogo, unapanda ulingoni mbele ya ukumbi unaoliita jina lake, na unajua kabisa raundi yoyote ya kubishaniwa itaandikwa upande wake. Usiku wa namna hiyo nilifanya kazi safi. Nilizuia, nilizunguka, nilimrudishia kila alipoteremsha mkono, nikamaliza raundi zote nikiwa wima. Kesho yake rekodi inasema: alishindwa kwa pointi.

Sasa kuna usiku mwingine. Nilipewa muda wa kutosha. Asubuhi nilikimbia barabara ya kupanda Menengai, jioni nikapata wenzangu wa uzani wangu pale Madison Square Garden yetu ya hapa Nakuru, na nilijua naenda kukutana na nani. Nikampiga kijana ambaye alikuwa hajapigwa na mtu, kwao, mbele ya watu wake. Ukifungua simu utayaona mapambano hayo mawili yamekaa mstari juu ya mstari na jina langu ni lile lile. Lakini wale vijana wawili hawakukutana na bondia mmoja.

Kwa hiyo ukiniuliza mpinzani alikuwa na thamani gani, nitakuuliza kwanza alipigiwa simu lini. Nitauliza uzani wake wa kweli, pambano lilikuwa kwa nani, na mara ya mwisho alipanda ulingoni lini. Rekodi haina nafasi ya kuandika mambo hayo, na ndiyo mambo yanayoamua.

Uingereza kulikuwa na Peter Buckley. Alistaafu 2008 baada ya mapambano 300. Alishinda 32, akatoka sare 12, akashindwa 256. Mtu asiyejua atacheka. Ila Buckley alisimama mbele ya Naseem Hamed na vijana wengine waliokuja kuwa mabingwa, na kazi yake ilikuwa kuwafunza: huyu ajue kupigana na mtu asiyeanguka, yule ajue kupumua raundi ya tano. Ukimwona kijana amemaliza naye raundi zote, angalia alichojifunza, usiangalie ile 256. Marekani walikuwa na Emanuel Augustus, 38 kwa 34 na sare 6, na Mayweather mwenyewe amemtaja miongoni mwa waliomsumbua kuliko wote. Huyo ni mtu ambaye kwa hesabu ya Kondele angekuwa karibu sifuri.

Na huu mfano wa Orlando Salido naupenda kuliko yote. Machi 2014, Vasyl Lomachenko, bingwa wa Olimpiki mara mbili, anapanda kwa pambano lake la pili tu la kulipwa kugombea mkanda. Mbele yake yuko Salido, mwenye kushindwa mara 12. Salido alizidisha uzani, mkanda ukampotea mizanini, hivyo aliingia akiwa mzito na hana cha kupoteza. Akampiga kijana mwilini, akamkumbatia, akamgonga chini ya kiuno refa akiangalia, akashinda. Ile 12 ilikuwa elimu. Kila kipigo kati ya hivyo kilikuwa kimemfundisha ujanja ambao Lomachenko, pamoja na kipaji chake chote, alikuwa bado hajakutana nao.

Mwana_Mumias, nawe njia yako ya majina ina tundu. Januari 1988 Mike Tyson alimlaza Larry Holmes raundi ya nne. Jina gani kubwa kuliko Holmes miaka hiyo? Lakini Holmes alikuwa na miaka 38 na hakuwa amepigana tangu Aprili 1986. Holmes huyo huyo ndiye alimpiga Ali mwaka 1980, na hakuna mtu mwenye heshima anayelihesabu pambano lile kuwa sifa kwa Holmes. Jina hubaki kubwa hata mwili ukiwa umekwisha. Ukinunua jina, uliza kama mwili upo.

Niseme na upande wa pesa, maana watu wengi hukasirikia bondia kwa jambo ambalo si lake. Promota anapomchukua kijana ameweka mtaji. Analipa ukumbi, daktari, majaji, anamlipa kijana, na anamlipa mgeni nauli na malazi. Kijana ndiye anayeuza tiketi, kwa hiyo mgeni anatafutwa wa bei nafuu. Mwanzoni ataletewa mtu asiyepiga kwa nguvu. Kisha mrefu, ili ajue kuingia ndani. Kisha mkono wa kushoto kama mimi. Kisha mwenye kidevu kigumu, ili ajue raundi nane zina urefu gani. Hiyo ni shule, na duniani kote mabondia hupitia shule hiyo. Kumhukumu mtu kwa mapambano yake 15 ya kwanza ni kumwonea. Hapa Kenya ni vigumu zaidi, kwa sababu mabondia wetu wengi wazuri hujiunga na timu za polisi na jeshi ambako kuna mshahara, wakabaki kwenye ngumi za ridhaa. Anayebaki kulipwa akitafuta mpinzani wa kweli wa uzani wake anaweza kukosa nchi nzima. Halafu mtu anafungua simu na kusema amekwepa.

Mimi huanza kuhesabu siku bondia anapopata nguvu ya kuchagua. Ana mkanda, ana jina, runinga inamtaka: sasa nani anamchagua, na nani anamwacha? Hapo hapo nataka kuona mpinzani alimuuliza nini. Luis Ortiz alimuuliza Wilder swali gumu Machi 2018. Raundi ya saba Wilder alikuwa anayumba kama mlevi, akaishi, akashinda raundi ya 10. Waliporudiana Novemba 2019, Ortiz alimwongoza hadi mkono wa kulia ulipotua raundi ya saba. Mapambano hayo mawili yalituambia kila kitu: ule mkono ni wa kweli, miguu si ya kweli. Tyson Fury alisoma hayo hayo, na Februari 2020 akamtembelea mbele mpaka wasaidizi wa Wilder wakatupa taulo, yaani wakakubali kushindwa, raundi ya saba. Kwa hiyo kumwita Wilder bure ni uongo, na kumwita mmoja wa wakubwa wa uzani wa juu nao ni uongo.

Jambo la mwisho, na hapa nasema kwa uchungu. Vijana wa Nakuru siku hizi hufungua rekodi ya kulipwa ya Philip Waruinge na kuniambia alikuwa wa kawaida. Waruinge wa hapa hapa kwetu! Alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola 1966 na 1970. Olimpiki ya Mexico 1968 alipoteza nusu fainali kwa Antonio Roldán, kijana wa hapo hapo Mexico, majaji wakiwa wamegawanyika, akarudi na shaba. Lakini lile Kombe la Val Barker, linalopewa bondia bora wa Olimpiki nzima, alipewa yeye. Fikirieni: kulikuwa na mabingwa wa kila uzani mle ndani, na waliokuwa wamekaa kando ya ulingo wakamchagua aliyepata shaba. Munich 1972 akachukua fedha. Baada ya hapo ndipo akaenda Japani kupigana kwa malipo, akikaribia miaka 30, nchi ya kigeni, akipewa jina la Waruinge Nakayama, bila ile shule ya watu laini niliyoieleza. Mwaka 1976 alikuwa tayari Panama akigombea mkanda wa WBC wa uzani wa super bantam na Rigoberto Riasco wa huko huko Panama, akashindwa. Hakuwa na mtu wa kumtafutia mapambano ya kujaza namba. Angepatiwa huyo mtu, angekuwa na rekodi ya kupendeza na tungekuwa tunamjua kidogo zaidi.

Nekesa_KK (Kakamega)

Kocha ShotoNax, heshima kwako. Nimefurahi kuona mtu anasema kutoka ndani ya kamba.

Nataka kuongeza upande wa wanawake kwa sababu mmewasahau wote. Fatuma Zarika alipokwenda Flint, Michigan, Oktoba 2016 kupigana na Alicia Ashley, rekodi yake ilikuwa na kushindwa kwingi, na alikuwa ameitwa ugenini kama wanavyoitwa wageni wa kushindwa. Akashinda kwa uamuzi wa majaji waliogawanyika na kurudi na mkanda wa WBC. Nilisikia wanaume wakisema, "Alimpiga mama wa miaka 49." Ni kweli Ashley alikuwa na miaka 49. Lakini ndiye aliyekuwa bingwa, hakutolewa nyumbani akipumzika. Halafu Septemba 2018 Zarika akampiga Yamileth Mercado wa Mexico, tena kwa majaji kugawanyika. Mwaka uliofuata Mercado alimpokonya mkanda, na akaushikilia miaka. Kwa hiyo yule binti aliyepigwa na Zarika 2018 alikuwa bingwa anayekuja, na siku ile hakuna aliyejua. Thamani ya ushindi ule imepanda tangu hapo bila Zarika kupiga ngumi nyingine.

Kwa wanawake njia ya kujumlisha inavunjika kabisa. Uzani mmoja unaweza kuwa na mabondia wachache mno katika Afrika Mashariki yote, mnakutana nyinyi kwa nyinyi mara kwa mara, mnapeana kushindwa. Conjestina Achieng wa Siaya alilazimika kutafuta watu Uganda na mbali zaidi. Je, huyo naye tumwambie alichagua wepesi?

Ila kocha, kuna kitu sijakielewa. Umesema mgeni aliyeitwa kwa haraka ni mpinzani aliyepungua. Hassan Mwakinyo alipompiga Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018, aliyeitwa kwa haraka alikuwa Mwakinyo mwenyewe. Ikaisha raundi ya pili. Sasa hapo tunahesabuje? Na mbona watu wakaendelea kumwita wa bahati?

ShotoNax (Nakuru)

Nekesa, dada yangu, umelitaja pambano ninalolipenda. Hapo hesabu inageuka. Mwakinyo ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kushindwa: ugenini, ameitwa akiwa mbadala, ukumbi si wake, na mbele yake mtu aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya. Eggington alikuwa na kila kitu upande wake. Ushindi wa aina hiyo nauhesabu mara mbili. Waliomwita wa bahati walikuwa wanasoma rekodi ya Mwakinyo ya nyuma, iliyojaa majina ya hapa Afrika Mashariki wasiyoyajua, wakadhani kutojua kwao ni udhaifu wa majina hayo.

Lakini upande wa pili lazima usemwe. Baada ya usiku ule alipandishwa juu kwenye orodha ya viwango vya dunia kwa kasi, na pambano moja si msingi wa kutosha kumkalisha mtu pale. Septemba 2022 alikwenda Liverpool kwa Liam Smith na ikaisha raundi ya nne. Wengi Dar es Salaam na hapa kwetu walimdhihaki. Mimi nilingoja nione Smith atafanya nini baadaye, na Januari 2023 Smith akamsimamisha Chris Eubank Jr, tena raundi ya nne. Kwa hiyo Mwakinyo alipigwa na mtu wa kiwango hicho, si mtu wa barabarani. Alama yake kwangu: bondia mzuri ambaye orodha ilimtangulia. Orodha ndiyo ilikosea, yeye hakuiandika.

Ulivyosema kuhusu Mercado ndivyo nilivyotaka kusema na nikasahau kuandika. Thamani ya mpinzani huja baadaye. Robert Wangila alipochukua dhahabu ya Seoul 1988 alimlaza Laurent Boudouani wa Ufaransa kwenye fainali, raundi ya pili. Siku ile Boudouani alikuwa Mfaransa tu. Mwaka 1996 akawa bingwa wa dunia wa WBA. Ukitaka kujua Wangila alikuwa na ngumi gani, tazama alimlaza nani, na huyo mtu alikuja kuwa nani.

JaKondele (Kisumu)

Kocha, asante sana. Nimempa binamu simu asome mwenyewe, amesoma kimya, halafu akasema: "Basi kwa njia ya huyu mzee hakuna bondia aliyepewa sifa kupita kiasi, kila mtu ana sababu." Anataka hukumu. Anasema utoe majina: Golovkin, Calzaghe, Crawford. Na uweke mmoja ambaye wewe mwenyewe unasema sifa zimezidi.

ShotoNax (Nakuru)

Mwambie binamu salamu, na hukumu atapata.

Golovkin: sifa zake ni halali. Alipokuwa na nguvu ya kuchagua aliwaita wote wa uzani wa kati na hawakuja. Walipokuja, Jacobs alimpeleka raundi zote 12 Machi 2017, na Septemba ile ile mwaka ule alitoka sare na Canelo katika pambano ambalo mimi, na watu wengi niliotazama nao hapa Nakuru, tulimpa Golovkin. Kumlaumu mtu kwa waliomkimbia ni kumwadhibu kwa woga wa wengine.

Calzaghe: miaka mingi binamu alikuwa na hoja. Alishika mkanda wa WBO tangu 1997 na kutetea nyumbani na watu wa wastani. Kisha Machi 2006 alimpiga Jeff Lacy karibu kila sekunde ya raundi 12, na Novemba 2007 akamshinda Mikkel Kessler. Mwaka 2008 aliwapiga wazee wawili. Bernard Hopkins alikuwa na miaka 43, Roy Jones 39. Watu huweka ushindi huo pamoja, na ni makosa. Jones alikuwa amekwisha. Hopkins, mwenye umri mkubwa zaidi, miezi michache baadaye alimfundisha ngumi Kelly Pavlik, na 2011 akachukua ubingwa akiwa na miaka 46. Ushindi juu ya Hopkins ni wa kweli, ule wa Jones ni picha ya ukutani. Kwa jumla Calzaghe anastahili heshima, ila alichelewa miaka kadhaa kutuonyesha, na alikuwa na uwezo wa kutuonyesha mapema.

Crawford: huyu ndiye jibu la swali lako, JaKondele. Miaka mingi tulisema hajapigana na mtu katika welta. Ilikuwa kweli kwamba majina hayakuwepo. Haikuwa kweli kwamba uwezo haukuwepo. Julai 2023 alimwangusha Errol Spence mara tatu na kumsimamisha raundi ya tisa, Spence akiwa na mikanda mitatu. Septemba 2025 akapanda madaraja mawili ya uzani, akampiga Canelo kwa pointi. Mtu aliyekuwa akisema amepewa sifa za bure mwaka 2020 hakuwa na ushahidi, alikuwa na pengo tu. Pengo linakuambia ngoja, halikuambii hukumu.

Kipimo changu cha juu kabisa kwa kizazi hiki ni Oleksandr Usyk, na sitaji mikanda, nataja miji. Alimpiga Głowacki huko Gdańsk. Akampiga Briedis huko Riga. Gassiev, Moscow. Bellew, Manchester. Kila mmoja kwao, majaji wakisikia kelele za wenyeji. Kisha akapanda uzani wa juu akampiga Joshua London 2021, akamrudia 2022, akampiga Fury mara mbili 2024. Mtu aliyewahi kuingia ukumbi wa ugenini akijua raundi za karibu si zake ataelewa kwa nini miji ile inanigusa kuliko namba.

Sasa yule mwenye sifa zilizozidi ambaye binamu anamtaka. Nasema Gervonta Davis. Kipaji anacho, mkono anao, na kwa miaka alikuwa na kila kitu ninachokiita nguvu ya kuchagua: runinga, tiketi, jina. Katika uzani wake walikuwepo Haney, Lomachenko na Shakur Stevenson, na mapambano hayo hatukuyaona. Davis alimpiga Ryan Garcia 2023, lakini kwa masharti ya uzani yaliyomminya Garcia. Halafu Machi 2025 alikutana na Lamont Roach, aliyetoka daraja la chini, ambaye watu wa kubeti walimpa nafasi finyu kabisa, na Roach akatoka naye sare. Raundi ya tisa Davis alipiga goti mwenyewe na refa hakuhesabu. Ingehesabiwa kuwa ameanguka, kama sheria inavyosema, Davis angeshindwa usiku ule.

Najua nitapingwa kwa hili na niko tayari. Binamu aje na pambano la Roach kwenye simu yake, aanze raundi ya tisa, atazame goti lile, kisha aniandikie hapa refa alipaswa kufanya nini.